Kipima Joto Nilichokichoma

Namshukuru Mungu wa mbinguni, mwenye kutoa pumzi, kwamba leo naweza kukaa kwenye kiti, kushika kalamu, na mstari wangu ukaenda ulikotumwa. Sifa ni zake kabla sijasema neno langu mwenyewe. Miezi michache iliyopita mkono huu haungeweza kupeleka kijiko cha uji mdomoni bila kunimwagia kifuani. Nikianza kwa kumsifu, basi, msifikiri ni mazoea ya wazee tu. Najua ninachokishukuru.

Walioniomba niandike ni akina mama wa kanisa letu hapa Bahati, nje ya mji wa Nakuru. Jirani yangu Mama Wambui ndiye aliyesisitiza. "Mama Daudi, iandike yote, hata ile sehemu ya aibu. Sisi sote tungefanya vile vile." Alisema hivyo kunifariji, lakini maneno yake ndiyo yanayonitia hofu hadi leo. Ni kweli wangefanya vile vile. Mimi ndiye niliyewafundisha.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeongoza kikundi cha kutembelea wagonjwa. Tunakwenda watatu au wanne, tunaomba, tunafua nguo, tunapika, tunampangusa mgonjwa. Katika kikapu changu hakukosi sabuni, mafuta ya kupaka na kipima joto cha kioo, ambacho nilipewa na muuguzi mmoja wa kanisa letu alipostaafu. Tukimaliza kumhudumia mgonjwa, pamba, vitambaa na karatasi alizotemea tunavichoma. Hiyo ilikuwa sheria yangu: kitu cha mgonjwa hakitupwi shambani, ambako kuku watakichakura na watoto watakiokota. Kinaenda motoni. Nimeirudia sheria hiyo kwa wanawake wengi, wengine sasa ni nyanya kama mimi.

Mwaka jana mwezi wa saba baridi ilikuwa kali. Wanaoijua Bahati wanajua ukungu wa msimu ule, saa nne ya asubuhi na bado hujaliona lango lako. Mjukuu wangu Neema, aliyekuwa na miaka mitatu, alikaa nami siku za kazi. Baba yake Daudi, mwanangu, ni fundi wa magari, na mama yake Lilian hushona sare za shule mjini. Wanaishi Section 58, mtaa wa mjini Nakuru. Walimleta Jumapili jioni na kumchukua Ijumaa.

Jumanne moja Neema aliamka na mafua. Nilikuwa nimeingiza jiko la makaa katika chumba cha kulala na kufunga dirisha ili apate joto. Jambo hilo peke yake lilinifanya nikemewe baadaye, na nilistahili. Nikatoa kipima joto, nikakikung'uta kwa nguvu kama tunavyofanya ili ule mstari wa fedha ushuke, na mkono wangu ukagonga chuma cha kitanda. Kikavunjika.

Matone yakaruka sakafuni yakaanza kukimbia.

"Cucu, ona shanga!" Neema akapiga makofi. Cucu ndivyo anavyoniita mimi nyanya yake.

"Usishuke! Kaa hapo hapo juu ya kitanda!"

Nilikuwa makini, Mungu ni shahidi wangu. Niliogopa kioo. Niliokota vipande kimoja kimoja kwa vidole, nikapapasa sakafu kwa kiganja kuhakikisha hakuna kilichobaki cha kumkata mtoto mguu. Yale matone sikuyajali. Nilichukua fagio, na kila nilipoyagusa yaligawanyika: moja likawa manne, manne yakawa vumbi linalong'aa. Mengine yaliingia chini ya kitanda, mengine kwenye gunia nililotandika mlangoni, mengine, kama tulivyokuja kujua, yalikuwa tayari yamerukia blanketi. Neema alicheka kila yalipokimbia, na mimi, nakiri, nilicheka naye.

Kisha nikafuata sheria yangu. Kipima joto kile kilikuwa kimekaa katika makwapa ya wagonjwa wangapi, sijui. Nikazoa kila kitu, kioo na vumbi na zile shanga za Neema, nikavimwaga juu ya makaa.

Hakukutoka moshi wa kutisha. Hakukuwa na harufu. Msomaji wangu, hapo nakuomba usimame kidogo: hakukuwa na harufu yoyote.

Nikaketi karibu na jiko nikafuma sweta. Neema alibaki ndani ya blanketi kama nusu saa, hadi Mama Wambui alipopita kuchukua maziwa akamchukua waende kumwona ndama wake. Nusu saa hiyo nimeipima na kuipima tena. Labda ilikuwa dakika ishirini. Labda arobaini. Mimi nilikaa pale hadi saa saba nikimshukuru Mungu kwamba mtoto hakukatwa na kioo.

Alasiri nilihisi ladha mdomoni kana kwamba nimeficha sarafu chini ya ulimi. Chai ikawa na ladha hiyo, maji pia. Kifua kikaanza kubana. Nikajiambia ni baridi. Usiku nikapata homa, na kufikia Jumatano asubuhi nilikuwa nakohoa hadi naona nyota, na Neema naye anakohoa na ametapika uji. Lilian aliomba ruhusa kazini akaja kumchukua. Mtoto aling'ang'ania blanketi la kitanda changu, lile la buluu, na mama yake akamwacha aende nalo.

"Mum, na wewe uende dispensari," akaniambia akiwa mlangoni. "Usikae tu hapa ukisema ni baridi."

Nilikwenda. Niliambiwa ni kifua, watu wengi wanakohoa msimu huu. Nilipewa dawa nikameza. Hawakuniuliza kama kuna kitu kimevunjika nyumbani, na mimi sikuwa na sababu ya kusema. Nani humwambia daktari vitu vilivyovunjika nyumbani kwake?

Ijumaa nilishindwa kutoka kitandani hadi chooni bila kushika ukuta. Daudi akaja na gari la rafiki yake akanipeleka hospitali mjini Nakuru. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Nimewapeleka wagonjwa wengi kwenye mabenchi kama hayo, nikiwaambia wawe na subira, na siku hiyo nilijua nilikuwa nikiwaambia kitu nisichokijua. Mgongo hauna pa kuegemea. Kila jina linapoitwa unainua kichwa, na si lako. Mwanamke mmoja kijana, ambaye sikumjua na sijamwona tena, alinitazama nikipambana na pumzi akasogea karibu. "Mathe, egemea hapa kwa bega. Hata mimi bado nangoja." Nililala begani kwake labda saa nzima. Kama anasoma haya, Bwana na akumbuke bega hilo.

Mwishowe nikaitwa kupimwa. Sista, yaani muuguzi wa zamu, alikuwa msichana mcheshi, akanielekezea kile kifaa cha kisasa kwenye paji la uso.

"Siku hizi mnatupima kwa bunduki," nikamwambia. Nilitaka Daudi anisikie nikitania, asiogope.

"Hii ndiyo poa, shosh. Hakuna kuweka kwapani, hakuna kungoja." Shosh kwao vijana ni nyanya.

"Yangu ilivunjika Jumanne."

"Ya kioo?"

"Ya kioo. Nikaichoma."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Uliichoma wapi?"

"Kwa jiko."

"Jiko lilikuwa nje?"

"Chumbani. Kulikuwa na baridi."

Akanishika mkono wa kushoto, akaugeuza. Pete yangu ya ndoa, ambayo ni ya dhahabu, ilikuwa imepata doa jeupe kama imepakwa bati. Niliiona tangu Jumatano nikadhani ni sabuni. "Hii pete ilikuwa hivi?" akauliza, na papo hapo akageuka kumwita daktari, kisha akanigeukia tena, sasa bila mzaha wowote. "Shosh, ni nani mwingine alikuwa kwa hicho chumba?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba haulizi juu yangu. Nikataja jina la mjukuu wangu.

Daudi akampigia Lilian pale pale. Nilimsikia kwenye simu. "Amelala. Amejifunika ile blanketi ya Cucu, hata jana alikataa nimtolee." Daktari akaichukua simu kutoka mkononi mwa mwanangu. Alizungumza polepole, kama mtu anayemwongoza mwingine kuvuka barabara: amtoe mtoto kwenye blanketi, alifunge blanketi ndani ya mfuko mzito na kuliweka nje mbali na watu, asilikung'ute, asilifue, amvue mtoto nguo na kumwogesha, kisha amlete mara moja.

Sitaeleza mambo ya kitaalamu, siyajui vizuri. Nilichoelewa ni kwamba yale matone ni zebaki, ambayo hata ikiachwa tu sakafuni hupaa hewani kidogo kidogo, lakini ikipata moto hupaa yote kwa mara moja, na mwenye kukaa pale huivuta kifuani. Nilikuwa nimeivuta tangu asubuhi hadi saa saba.

Niliwekewa oksijeni. Walipomleta Neema walimpitisha karibu na kitanda changu, akanyoosha mikono kuja kwangu, na Lilian akambadilisha bega ili asinione. Baadaye alirudi peke yake. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Mum, ulimchomea mtoto wangu sumu."

Nilianza kusema kwamba nilikuwa nasafisha. Nikasikia jinsi neno hilo lilivyokuwa dogo.

Neema alilazwa siku mbili katika wodi ya watoto, mimi siku kumi na mbili. Daktari alisema kikohozi chake ni chepesi kuliko changu, lakini mtoto mdogo hasemewi mapema kuwa amepona. Ilibidi mkojo wetu upimwe Nairobi, na majibu yangechukua kama wiki mbili. Mimi nilipewa mtungi niukusanye mchana na usiku mzima. Mama mmoja wa kitanda cha pili alinitazama nikiubeba kwenda chooni akasema, "Wewe unakwenda kuteka maji au kuyarudisha?" Tulicheka hadi nikakohoa na sista akaja mbio. Hicho kilikuwa kicheko changu pekee cha wiki hiyo.

Siku za kungoja majibu ndizo zilizokuwa nzito kuliko ugonjwa. Nilimwomba Mungu ayaweke yote mwilini mwangu na kumwacha mtoto. Mchungaji wetu alipokuja nilimwambia ombi hilo, nikidhani atalisifu. Akatikisa kichwa. "Mama, Mungu si mfanyabiashara wa soko, usimpelekee bei. Mwombe tu." Kwa hivyo nikaomba tu. Nikiri kwamba ni vigumu zaidi. Ukitoa bei unahisi umeshika upande mmoja wa kamba. Ukiomba tu, mikono yako ni mitupu.

Mwili wangu ulibadilika katika siku hizo. Fizi zilivimba, nikiuma mkate unatoka na damu. Vidole vilianza kutetemeka, kwanza nikishika kikombe, kisha hata vikiwa vimelala juu ya shuka. Usingizi ulinikimbia. La kunitisha zaidi ni hasira. Mimi ambaye nimesuluhisha ndoa za watu nilimfokea Daudi kwa sababu ameniletea ndizi badala ya chungwa, kisha nikalia mbele ya wodi nzima. Daktari alisema huo nao ni ugonjwa, si tabia. Nawaambia ninyi mnaomuuguza mtu wa namna hii: mwaminini daktari. Na wewe mgonjwa, omba radhi hata hivyo.

Akina mama wa kikundi walikuja Jumamosi, sita kwa pamoja, na chupa mbili za uji. Tuliimba kwa sauti ya chini. Kisha Mama Wambui akaingiza mkono katika mkoba wake, akatoa soksi, na kutoka ndani ya soksi akatoa kipima joto cha kioo akakiinua juu.

"Mama Daudi, nimeleta uangalie. Ni kama hii?"

Nilipiga kelele ambayo sikujua kifua changu kinaweza kuitoa. Sista alikuja, mama wa kitanda cha pili akajifunika shuka hadi kichwani.

"Si haijavunjika!" Mama Wambui alilalamika, huku amekishika kwa vidole viwili kama mkia wa panya. "Mbona mnanitazama hivyo?"

Sista alikichukua kwa utulivu, akakiweka ndani ya chupa yenye kifuniko, akasema kizima hakina ubaya, ila kisikae kwenye mkoba pamoja na funguo na sarafu. Kisha akauliza ni wangapi wana kama hicho nyumbani. Mikono minne ilipanda, na mmoja akasema chake ameshawahi kukivunja, na matone yake aliyaweka katika kijaluba cha watoto kuchezea kwa sababu yalikuwa mazuri. Jumatatu Daudi aliwapeleka wote katika ofisi ya afya ya umma kueleza walicho nacho.

Kutoka ofisi hiyo ndiko alikotoka mtu aliyesafisha nyumba yangu. Sikuwapo, Daudi ndiye aliyenisimulia. Afisa yule alifika akakuta dirisha bado limefungwa, kwa sababu mimi huondoka nikifunga. Alilifungua, akaufunga mlango wa kuelekea sebuleni na kuziba chini yake, akamwambia Daudi wangoje nje. Waliporudi alivaa glavu, akavua saa na pete, akalala kifudifudi na kuwasha tochi ikilamba sakafu. "Daudi, kuja uone." Matone yaling'aa chini ya kitanda changu kama macho ya paka. Katika nyufa za saruji yalikuwa mengine. Kila siku nilikuwa nikiomba magoti yangu yakiwa juu yake.

Aliyasukuma polepole kwa vipande viwili vya katoni ngumu hadi yakaungana, akayaingiza kwenye chupa. Madogo aliyanasa kwa selotepu. Gunia, fagio, lile blanketi la buluu ambalo Daudi alilileta likiwa bado mfukoni, jivu la jiko na jiko lenyewe vyote vilifungwa na kubebwa. Daudi alipotaka kumwaga maji sakafuni ili kumalizia, afisa alimshika mkono. "Hapana, boss. Ukimwaga hapa inaenda kwa mtaro, kutoka mtaro inaenda kwa shamba, na shambani kuna sukuma wiki yako." Dirisha lilikaa wazi wiki mbili, na afisa akarudi na chombo chake cha kupima hewa mara mbili kabla ya kusema chumba ni salama.

Nilirudi nyumbani katikati ya Agosti, nikahamia chumba cha pili kwa kuwa kile kilikuwa bado kinapimwa, mahindi yakiwa yamefika juu ya kichwa changu na mvua ya alasiri ikinyesha. Majibu yalikuwa yametoka. Yangu yalikuwa mabaya. Ya Neema yalikuwa juu kidogo, si ya kumpa dawa, lakini ilibidi arudie. Lilian ndiye aliyenisomea kwa simu, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine, kisha akasema, "Viganja vyake vimekuwa vyekundu na vinabambuka. Daktari anasema tungoje." Akakata.

Nilianza dawa, vidonge vyenye harufu ya yai lililooza. Nilizihesabu siku kwa raundi za vidonge hivyo: raundi ya kwanza wakati wa mvua, mapumziko, raundi ya pili mahindi yalipoanza kukauka. Mama Wambui alikuja kila asubuhi kukamua ng'ombe wangu, akikaa upande wa upepo. "Mungu anisamehe, Mama Daudi, ugonjwa wako nauvumilia, pumzi yako siwezi." Alinikata kucha. Alinifunga vifungo. Usidharau anayekufunga vifungo.

Daudi alikuja Jumapili baada ya Jumapili, peke yake. Mara mtoto ana usingizi, mara Lilian ana kazi nyingi. Siku moja nikamwambia, "Mwanangu, usinidanganye ukiwa umetoka kanisani." Akatazama viatu vyake. "Mum, anaogopa. Hakuchukii. Kila nikitaja Bahati anaanza kuosha mikono ya mtoto." Nilimwambia asimlazimishe. Nilisema hivyo kwa uso mtulivu, kisha nikaenda jikoni nikasimama tu.

Ninawaandikia hasa ninyi mlio katika hali hiyo, mliomdhuru mtoto mliyempenda kwa mkono uleule wa kumlea. Mtu atakuambia ilikuwa bahati mbaya. Sivyo hasa. Ilikuwa mkono wako. Niliacha kutafuta neno la kujiosha, nikaandika barua fupi kwa Lilian kwa mwandiko unaotetemeka kama nyayo za kuku: kwamba nilifanya kosa, kwamba sitamwomba amlete mtoto, na kwamba akitaka kuuliza lolote nitamjibu ukweli. Hakujibu barua hiyo. Lakini baada ya siku chache alipiga simu akauliza, "Alikaa hapo dakika ngapi?" Nikamwambia, "Sijui, Lilian. Ningekuwa najua ningekuambia. Si chini ya ishirini." "Asante kwa kutosema kumi," akasema.

Tulivuna mahindi mwezi wa kumi, au tuseme wengine walivuna nikiwa nimekaa kwenye kiti nikipukuchua kwa vidole visivyonitii. Ndipo majibu ya pili ya Neema yalipotoka. Yalikuwa yameshuka hadi panapotakiwa. Viganja vimepona. Kifua kiko sawa. Nilipiga magoti pale pale kwenye maganda ya mahindi, na Mama Wambui, ambaye hupenda kuomba kwa sauti, siku hiyo aliomba hadi mbwa wa majirani wakamjibu.

Hata hivyo mtoto hakuja. Novemba ikapita. Mikono yangu ikaanza kutulia, fizi zikakaza, jino moja tu likaenda. Mwanzoni mwa Desemba, Jumamosi asubuhi, lango likafunguka na Lilian akaingia na mkoba mmoja.

"Neema yuko wapi?" nikauliza kabla ya salamu.

"Amebaki na baba yake. Leo nimekuja mimi." Akaweka mkoba chini. "Nimechukua likizo. Nataka kulala kwa kile chumba wiki moja, kwa kile kitanda. Nikikaa sawa, nitamleta."

"Afisa alipima akasema ni safi."

"Najua, Mum. Nilimpigia mara tatu, amechoka na mimi."

"Basi nitalala mimi, wewe ulale kwangu."

"Wewe hutatuonyesha kitu, umeshaugua. Mimi ni mzima. Nikikohoa tutajua ni nini."

Sikuwa nimewahi kupendwa na kushukiwa kwa wakati mmoja namna hiyo. Nikamtandikia kitanda kwa mikono yangu mwenyewe, dirisha wazi.

Na sasa hofu ikawa yangu. Kila asubuhi nilimngoja atoke, nikaitazama mikono yake akishika kikombe. Akisafisha koo nilisimama. "Mum, ni vumbi ya mahindi," alisema. Tulipika pamoja, tukazungumza kidogo, siku ya nne tukazungumza zaidi. Siku ya tano alinikata kucha.

Siku ya saba hakutoka. Saa moja ikapita, saa mbili, chai ikapoa. Nikaenda mlangoni nikainua mkono kubisha na nikashindwa. Niliomba bila maneno, mikono mitupu. Kisha nikausukuma mlango.

Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma kama dereva wa lori. Jua limemfika usoni na halimsumbui. Niliposogea akafumbua jicho moja.

"Ni saa ngapi, Mum?"

"Inakaribia saa tatu."

"Sijawahi kulala hivi tangu mwezi wa saba." Akapapasa chini ya mto, akatoa simu, akampigia mume wake akiwa bado amelala. "Daudi? Mlete. Ndiyo, leo. Mlete na nguo za wiki nzima."

Wewe uliyesoma hadi hapa, ukiwa kwenye benchi ukingoja jina lako, au nyumbani ukingoja majibu ya mtu umpendaye: Bwana akupe bega la kuegemea kabla hujaliomba. Kikivunjika cha kioo nyumbani kwako, akupe utulivu wa kuwatoa watoto kwanza, kuondoa moto, kufungua dirisha, kuacha fagio mahali pake na kuwaita wanaojua. Hewa ya nyumba yako iwe safi. Na wale uliowaumiza bila kukusudia, Mungu awarudishe mlangoni kwako kwa miguu yao wenyewe, wakiwa wazima. Amina.